Mlango wa Uani wa Bi Kibubu

Paukwa!

Mbona mnaitika kama mmekabwa na kiazi? Watoto, waonyesheni wazazi wenu. Paukwaaa!

Pakawaaa! Haya, hivyo ndivyo.

Leo nawapa habari ya nyoka aliyevishwa kikombe cha bati shingoni. Nani huyo anaguna? Wewe wa nyuma? Guna vizuri tukusikie. Mimi shule niliiaga mapema, dawati nikaliachia wenyewe, lakini kwa hadithi hakuna wa kunishika hapa, wala kijiji cha pili. Atakayenionyesha neno moja la uongo katika hadithi hii, neno moja tu, nitambeba mgongoni mpaka kwao, na mama yake mzazi nitambeba pia. Asiyeweza anyamaze, anisogezee hiyo mihogo.

Basi hapo zamani za kale, kale ile ambayo shingo ya swila, yule nyoka anayetema sumu, ilikuwa mviringo kama mpini wa jembe, palikuwa na kichuguu kikubwa chekundu nyuma ya shamba la mihogo. Chini ya kichuguu palikuwa na nyumba. Ndani ya nyumba alikaa panya-buku, mjane, pamoja na watoto wake. Jina lake Bi Kibubu.

Panya-buku mnamjua. Si huyu wa darini anayewatafunia sabuni. Panya-buku ni mnene kama paka, mkia wake nusu mweusi nusu mweupe, na mashavu yake ni mifuko. Akiokota kitu anakitia shavuni, anaondoka. Ukimkuta njiani mashavu yamemtuna, usimpe pole ya jino. Ametoka sokoni.

Na Bi Kibubu alitoka sokoni kila siku. Aliokota, jamani. Aliokota! Akikuta kifuu, shavuni. Akikuta gunzi, shavuni. Akikuta kandambili ya mguu mmoja anaiuma kwa meno, anaiburuta, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka nyumbani. Na huku anaimba:

Weka, weka, itafaa,
kesho ndefu, kesho njaa.
Weka, weka, itafaa!

Sasa sikilizeni, hapa pana neno. Nyumba ya panya-buku ni milango miwili. Mama yake alimfunda siku ya kuolewa. Alimwambia, "Mwanangu, mlango wa mbele ni wa wageni. Mlango wa uani ni wa roho yako. Usiweke kitu hapo, hata punje."

Bi Kibubu alishika maneno hayo kwa miaka. Mumewe, Bwana Ndago, alikuwa hai. Nyumba ilikuwa na nafasi. Watoto walikuwa wakibingirika kutoka mlango mmoja mpaka wa pili, biri, biri, biri, wanatokea uani wamejaa vumbi na vicheko.

Halafu Bwana Ndago akaenda kwenye shamba la mihogo msimu wa mavuno, akakutana na mtego. Hakurudi.

Aliacha kitu kimoja. Kete. Kete ya baharini, nyeupe, laini, iliyopinda kama tabasamu. Hiyo ndiyo aliyoileta kama kishika uchumba siku ile alipokuja kuposa. Aliibeba shavuni, akaitema mbele ya wakwe, tii! Wakwe wakacheka mpaka wakalia. Hakuna aliyejua aliipata wapi.

Baada ya msiba Bi Kibubu hakuweza kuitazama kete ile. Hakuweza kuitupa pia. Akaenda nayo kwenye njia ya mlango wa uani, mahali ambapo macho hayafiki, akaiweka chini. Akasema, "Kwa muda tu."

Siku nyingine akaweka gunzi juu yake, ili isionekane. Kwa muda tu. Juu ya gunzi, kifuu. Juu ya kifuu, kipande cha gunia. Mnamwona anavyokwenda? Kwa muda tu, kwa muda tu, mpaka njia yote ya uani ikajaa, sakafu kwa dari, mlango ukazibika, na jua likaacha kuingia.

Mnacheka nini? Wewe baba hapo, lile jiko bovu nyuma ya mlango wako unamtunzia nani? Na wewe dada, chupa za mafuta tupu chini ya kitanda, unangoja zijae zenyewe? Haya, tuendelee.

Jirani wa Bi Kibubu alikuwa nungunungu. Jina lake Mtawanya. Huyu alikuwa kinyume chake kama usiku na mchana. Mtawanya hashiki kitu. Chungu kikipata masizi, anatupa. Ungo ukipata tobo, anatupa. Hata miba ya mgongoni mwake anaidondosha njiani, chaka, chaka, chaka, kama mtu anayepukuta kunguni. Na kila akishatupa, anakumbuka kwamba alikuwa na haja nacho. Basi anakwenda kwa jirani.

"Hodi!"

"Karibu, pita. Ukijikwaa ujue umefika."

Hivyo ndivyo Bi Kibubu alivyokuwa akiitika. Hakuinua hata kichwa. Hodi, karibu. Hodi, karibu. Wewe unajua adabu zetu: hodi haiachwi ikaning'inia.

"Shoga, niazime kata."

"Ninayo. Ipo chini ya magunzi, nyuma ya vifuu, kushoto kwa kitu ambacho sikijui."

Wakaichimba. Wakachimba. Wakaipata, ile kata ya kuchotea maji, imepasuka.

"Imepasuka, shoga."

"Imepasuka, lakini ipo. Wewe yako iko wapi?"

Na Bi Kibubu akafurahi, moyo ukamtanuka. Akajisemea, unaona? Ningetupa, huyu angeazima wapi?

Siku moja Mtawanya akaingia kuazima, akasimama mlangoni akaziba pua.

"Shoga, nani amekufa humu?"

"Hajafa mtu. Ni karanga za akiba."

"Zinanuka!"

"Akiba haiozi."

"Hii imeoza!"

"Haijaoza. Imekomaa."

Mtawanya akatazama ndani. Akawaona watoto. Mkubwa amelala wima, ameegemea mpini wa jembe uliovunjika. Wa kati amelala juu ya mkubwa. Kitinda mimba amelala ndani ya kandambili, miguu inaning'inia nje, kajifunika ganda la mhogo. Mtawanya ni mropokaji, lakini moyo anao. Akasema kwa upole:

"Shoga yangu. Tupa."

"Tupa?" Bi Kibubu akachangamka. "Ninayo! Tupa ya kunolea majembe, ina kutu kidogo tu. Unaitaka sasa hivi?"

"Sisemi tupa ya kunolea! Nasema tupa. Tu-pa! Kwa mkono! Puu!"

"Ndiyo, tupa. Ninayo. Ngoja niinue hivi vibuyu."

Mnaona ugonjwa ulipofika? Neno lile lilikuwa limekufa sikioni mwake. Ukimwambia tupa ya fundi, anakuelewa. Ukimwambia tupa ya mkono, anakwenda kukutafutia ya fundi.

Mtawanya akapandisha kanga. "Leo tunatoa vyote. Watoto, amkeni!"

Wakatoa. Kokoro, kokoro, kokoro. Kutwa nzima. Uwanja wa mbele ukajaa, mpaka sisimizi wakazunguka njia. Na walikuwa bado hawajagusa njia ya uani. Hiyo ilikuwa imeshindiliwa kama ukuta, hata watoto walidhani ni ukuta. Ndipo Mtawanya akaanza kuuliza, kimoja kimoja.

"Hii kandambili?"

"Usitupe mbachao kwa msala upitao."

"Msala uko wapi? Hii ni ya kushoto, na wewe una miguu minne!"

"Ndiyo maana. Nikipata nyingine zinazofanana nayo."

"Hiki kibuyu kilichopasuka?"

"Alinipa mama mdogo wa marehemu Ndago. Akija asipokiona?"

"Shoga, alishakufa. Ulilia mwenyewe matangani, nilikushika mkono."

"Basi ndiyo mbaya zaidi. Aliye hai ningemwomba radhi."

"Hii kengele ya mbuzi? Haina ulimi."

"Nikipata ulimi?"

"Una mbuzi?"

"Nikipata mbuzi?"

"Bi Kibubu! Na hiki kikombe cha bati? Hakina kitako. Hakina! Naona miguu yako upande wa pili."

"Cha kuchungulia hicho. Halafu haba na haba hujaza kibaba."

"Kibaba kimejaa, shoga! Kinawamwagikia watoto!"

Bi Kibubu akatazama vile vitu vimetandazwa juani, vimefifia, vinatia huruma. Kila kimoja kilikuwa kama kinamtazama. Kila kimoja kilikuwa kama kinasema, na mimi pia utaniacha? Machozi yakamlengalenga. Akasema neno ambalo limewaua wengi kuliko radi.

"Nitavipanga kesho."

Vikarudi ndani, vikarundikwa kando ya njia ya uani. Kokoro, kokoro, kokoro. Vyote. Na ungo wa Mtawanya, ambao Mtawanya aliuleta ili autupe pamoja na hivyo, ukaingia navyo. Mtawanya akaenda zake anatikisa kichwa, miba inadondoka nyuma yake. Bi Kibubu akatoka akaiokota.

Sasa, harufu haina mguu, lakini inatembea. Harufu ya karanga zile ilitoka mlango wa mbele, ikapita mihogoni, ikafika kwa vijipanya vidogo vya shambani. Vijipanya vikaja usiku na mchana, viip, viip, viip, vikaacha njia nyembamba kwenye majani. Na njia ile ikamfikia mmoja anayejua kusoma njia za panya kuliko mimi ninavyojua njia ya kwetu.

Swila.

Swila hakuja usiku, msinitilie maneno mdomoni. Alikuja mchana, jua la utosini, saa ambayo kila mwenye akili amelala. Akafuata njia, taratibu. Akafika mlango wa mbele. Akatazama. Akanusa kwa ulimi, chap, chap. Akaona njia ni nyembamba, giza, hajui kilichomo. Akafikiri, niingie kama mwizi nipigwe, au niingie kama mtu? Akasema kwa sauti ya kike, sauti ya jirani:

"Hodiii!"

Na Bi Kibubu, ambaye alikuwa anapanga vifuniko, wala hakuinua kichwa, akaitika:

"Karibu, pita. Ukijikwaa ujue umefika."

Eeeh! Shikeni vichwa. Shikeni! Amemkaribisha kwa mdomo wake.

Sssrrrr, sssrrrr. Kitu kikaingia. Kikaendelea kuingia. Kikaingia tena.

Kitinda mimba akachungulia kutoka kwenye kandambili. "Mama, mbona leo Bi Mtawanya amekuwa mrefu?"

Bi Kibubu akainua kichwa.

"Nimejikwaa," akasema Swila. "Kwa hiyo nimefika. Sssante sana, mwenye nyumba."

"Si... sikukukaribisha wewe! Nilidhani ni jirani!"

"Ulisema karibu, hukusema karibu nani. Na mgeni hafukuzwi. Tena una watoto wazuri, wamelala wamepangwa kabisa, kama mishikaki."

Watoto wakalia. Bi Kibubu akawakumbatia, akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka mgongo ukagonga njia ya uani. Akageuka akimbie. Akakuta magunzi. Akakuta vifuu. Akakuta sakafu kwa dari, kwa muda tu, kwa muda tu. Mlango wa roho yake ulikuwa umezibwa na mkono wake mwenyewe. Akapiga ngumi. Du! Du! Du! Ukuta haukutikisika. Na nyuma yake, sssrrrr.

Sasa Mtawanya alikuwa amelala kwake, na kwa kuwa mtungi aliutupa asubuhi, akaamka na kiu. Akaja kuazima. Akakatiza uani. Akasikia vilio vinatoka chini ya ardhi.

"Shoga! Kuna nini humo?"

"Swila! Yuko mlango wa mbele! Ameingia!"

"Toka uani!"

"Pamejaa!"

"Tupa!"

"Jamani Mtawanya!" Bi Kibubu akalia. "Wakati huu wa roho kutoka, unataka tupa ya kunolea?"

"TUPA, mwanamke! Shika kilicho mbele yako, rusha nyuma yako! Tupaaa!"

Neno likagonga sikio. Likagonga tena. Na sikio lililokuwa limeziba kama nyumba likazibuka, pwii!

Bi Kibubu akashika gunzi la juu kabisa. Roho ikamwambia, huenda likafaa. Akamtazama kitinda mimba. Akamtazama Swila. Akafumba macho, akarusha.

Puu! Likampata Swila juu ya pua.

"Ala!" akasema Swila. "Mgeni anapigwa gunzi?"

Bi Kibubu akafumbua macho. Akatazama mkono wake. Ulikuwa mwepesi. Jamani, ulikuwa mwepesi! Miaka yote aliyosema litafaa, litafaa, na siku lilipofaa ni siku lilipotoka mkononi.

Akashika kifuu. Tupa! Kikalia kwenye utosi wa nyoka, ko! Akashika mpini. Tupa! Kata iliyopasuka. Tupa! Kibuyu cha mama mdogo. Akakiambia, "Nisamehe, mama." Tupa! Kikapasukia shingoni mwa Swila. Karanga zilizokomaa, konzi nzima, machoni mwake. Tupa! Swila akapiga chafya, na swila akipiga chafya anatema sumu; sumu ikaishia kwenye ungo wa Mtawanya. Mtoto mkubwa akaanza kumpa mama, wa kati akaanza kurusha, mdogo akavua kandambili yake.

"Mama, hii je?"

"Tupa!"

Paa!

Na wimbo ukageuka kinywani mwake, wenyewe, bila kufundishwa:

Tupa, tupa, nipite,
kesho yangu niikute.
Tupa, tupa, nipite!

Mtawanya nje anapiga vigelegele, anachimbua mlango kwa makucha, miba inaruka. Ndani vitu vinaruka. Nyuma pakapungua, mbele pakajaa. Kila kilichotoka njia ya uani kilikwenda njia ya mbele. Swila anakwepa huku anapigwa kule. Akakasirika. Akanyanyua kichwa, akachomoka kama mshale, na wakati huohuo Bi Kibubu akashika kikombe cha bati kisicho na kitako.

Tupa!

Kichwa kikaingia upande huu, kikatokea upande ule.

Aguneni sasa! Mbona kimya?

Swila akasimama. Akajitazama. Amevaa kikombe. Akavuta mbele, kimekaza. Akavuta nyuma, kimekaza. Akavimba kwa hasira, na nyoka aliyevimba ndani ya kikombe ni sawa na mguu uliovimba ndani ya buti. Hatoki. Na mwili wake wote umefukiwa na vifuu na magunzi.

"Bi Kibubu," akasema kwa sauti nyembamba, "nivue."

"Nikuvue? Ulisema karibu haina jina. Na zawadi ya mgeni hairudishwi."

Halafu akageuka kwenye njia ya uani. Pamebaki gunia, akalitupa. Kifuu, akakitupa. Gunzi la mwisho, akalitupa.

Pakabaki kete.

Pale pale alipoiweka. Nyeupe. Imepinda kama tabasamu. Vurugu yote ile ilikuwa imejengwa juu ya hiyo.

Bi Kibubu akasimama. Nje, Mtawanya hakuona kitu, alisikia kimya tu. Akapiga kelele, "Shoga! Umebakiza nini? Tupa!"

Bi Kibubu akainama. Akafumba macho.

Na mlango ukafunguka, pwaaa! Jua likaingia kama maji. Akamsukuma mkubwa, akatoka. Wa kati, akatoka. Kitinda mimba, biri, biri, biri, akatokea nje amejaa vumbi na kicheko. Bi Kibubu akatoka wa mwisho, mikono mitupu.

Mikono mitupu, jamani! Yule Kibubu!

Mtawanya akamkumbatia, akasahau miba, akamchoma. Wakalia, wakacheka. Wanyama wote wa shamba wakaja mbio: digidigi, kindi, kanga na vifaranga vyake. Na mara wakasikia kutoka mlango wa mbele, kwang'! kwang'! kwang'! Swila huyo, kajichomoa, anakimbia na kikombe chake, kinagonga kila jiwe. Kanga wakaangua kicheko mpaka leo hawajamaliza, sikilizeni asubuhi. Swila akajisugua kwenye miamba msimu mzima mpaka kikombe kikapasuka. Lakini shingo ilikuwa imeshakandamizwa. Ikabaki bapa. Ndiyo maana swila akikasirika shingo inapanuka kama mwiko, na chini ya koo ana mkanda mweusi. Mnadhani urembo? Alama ya kikombe hiyo.

Kindi akamwambia Bi Kibubu, "Dada, vitu vyako vipo pale mlango wa mbele. Tukurudishie?"

Bi Kibubu akatikisa kichwa. "Viache." Alisema kwa kumung'unya, shavu limetuna kidogo. Watu wakadhani vumbi.

Akachimba nyumba mpya, upande wa pili wa kichuguu. Milango miwili. Jua linaingia uani asubuhi na kutokea mbele jioni. Watoto wanabingirika kutoka mlango mmoja mpaka wa pili.

Hazikupita siku nyingi.

"Hodi!"

"Nani?"

Nyie, mmesikia? Nani kwanza!

"Mimi, Mtawanya."

"Karibu, shoga. Pita. Humu hakuna cha kukukwaza."

Mtawanya akaingia, akashangaa, sauti yake inarudi kutoka ukutani. "Shoga, niazime kata."

"Sina."

"Mtungi?"

"Sina."

"Ungo?"

"Ungo ulikuwa wako, na sina." Bi Kibubu alilitamka neno hilo kama bibi harusi anayetaja jina la mumewe kwa mara ya kwanza. Sina! Akalirudia kwa utamu. "Sina, shoga!"

Mtawanya akakaa chini. "Sasa mimi nitaazima wapi?"

"Katunze chako. Sisi tuliumwa ugonjwa mmoja. Mimi wa kushika bila kuangalia, wewe wa kuachia bila kuangalia."

Mtawanya akafikiri. Akaenda jalalani, akaokota chungu chake, akakisugua masizi. Kikang'aa. Mpaka leo anacho.

Basi mafunzo, maana najua kuna watu hawaendi kulala bila mafunzo. Kitu hakiitwi akiba kwa sababu umekificha. Kikikuzibia mlango wa roho yako, hicho ni kufuli, hata kama ni gunzi. Tazama kilicho mkononi, kitambue, kisha tupa. Na ukisikia hodi, uliza nani.

Hadithi yangu imefika mlango wa uani, naiacha itoke.

Bado mmekaa? Na wewe uliyeguna mwanzoni, mbona unanitazama hivyo? Unataka mgongo wangu?

Haya. Haya! Uongo sikusema, ila kuna kidogo nilikiruka. Nilisema Bi Kibubu alitoka mikono mitupu. Mikono, ndivyo nilivyosema. Shavu sikulitaja.

Kete ilikuwemo. Shavu la kushoto, kando ya ulimi wake alipokuwa akisema "viache", kando ya ulimi wake alipokuwa akisema "sina". Na jioni watoto wakilala, wamejinyoosha mpaka vidole, aliitema kwenye kiganja, tii, akaitazama. Sasa aliweza kuitazama. Akacheka peke yake, akairudisha shavuni, akalala karibu na mlango, na mlango ulikuwa wazi.

Sasa ndiyo imeishia. Leteni mihogo.